Mtoto Asiyesikika Akilia

Mama mlezi hupata habari za mtoto kwa sikio kabla ya jicho. Mtoto akilia usiku, naye huamka. Lakini yuko mtoto ambaye kilio chake hakisikiki. Huyo ni mtoto aliyetobolewa shingoni na kutiwa mrija wa kupumulia. Hewa yake hupita chini ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Kwa hiyo sauti haitoki, au hutoka hafifu mno. Machozi humtiririka ilhali chumba ni kimya.

Operesheni hiyo hufanywa pale njia ya juu ya hewa inapozibika: pengine kwa wembamba wa kuzaliwa nao, pengine kwa kovu, au kwa vinyama viotavyo katika zoloto kwa sababu ya virusi. Mrija humwokoa mtoto, ila humwachia mlezi kazi ya usiku na mchana.

Pua hulowanisha hewa na kuichuja, mrija hauwezi. Makohozi hukauka, na mrija mwembamba wa mtoto huziba upesi. Hospitalini muuguzi huyavuta kwa mashine yenye mpira mwembamba. Kwanza hunawa mikono. Mpira hausukumwi kupita mwisho wa mrija, wala mvuto mmoja hauzidi sekunde 10. Utepe wa shingoni hukazwa kiasi cha kidole kimoja kupenya chini yake. Kando ya kitanda huwekwa mrija wa akiba wa kipimo kilekile, na mwingine mdogo zaidi.

Swali gumu huja siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Katika jiji la Lilongwe, nchini Malawi, iko Hospitali Kuu ya Kamuzu, ambayo ni ya rufaa. Kilomita 40 hivi kutoka jijini, wilayani Dowa, yako makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, yaliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Yalikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Sasa wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika humo kila siku.

Yaweza kudhaniwa kwamba mtoto wa Area 47, mtaa wa jijini, yu salama kuliko wa Dzaleka. Kwa kliniki na vifaa, ni kweli. Lakini mrija ukiziba kabisa, ubongo huanza kudhurika kwa dakika chache, na hakuna gari, la karibu wala la mbali, la kutegemewa kuziwahi dakika hizo. Mwokozi wa kwanza wa watoto wote wawili ni yule aliye karibu nao.

Kwa hiyo mafunzo ni sehemu ya matibabu. Mlezi hana budi kuvuta makohozi na kubadili mrija kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya muuguzi, kabla ya kuruhusiwa. Afundishwe kwa lugha aijuayo sawasawa: mama wa Kikongo aelewaye Kichewa nusunusu asitarajiwe kukisia. Apewe pampu ya mguu, kwani umeme hukatika. Nyumbani mtoto akingwe na vumbi na moshi wa kuni, na maji ya kuoga yasifike shingoni.

Mtoto akihangaika, makohozi yavutwe mara moja. Mpira usipopita, mrija utolewe, utiwe wa akiba. Ukikataa, utiwe ule mdogo. Kisha hospitali.

Yafaa watu wawili, angalau, wafundishwe. Baba askari huitwa kazini wakati wowote, na mama naye hulala. Kila askari ajua kwamba lindo haliachwi mpaka mwenzake afike. Kwa mtoto asiyeweza kuita, lindo hilo ni la macho, nalo ni la nyumba nzima.