Mambo ya Nyumbani: Safari ya Likizo pamoja na Watoto Waliokwisha Kukua



Mwezi wa Juni u karibu, na shule zitafungwa. Katika nyumba nyingi swali ni moja: mwaka huu twende wapi pamoja na watoto? Watoto wakiwa wadogo, jambo hili si gumu. Baba hukata shauri, mama hufunga mizigo, na watoto hufurahi kupanda gari, hata kama gari lenyewe laenda shambani kwa shangazi. Lakini mtoto akiisha kufika miaka 13 au 14 mambo hugeuka. Baba asema, “Tutakwenda kwa bibi yenu kama desturi.” Watoto hujibu, “Ndiyo, Baba,” kisha hunyamaza, na kunyamaza kwao si kukubali. Wakifika kwa bibi hukaa pembeni, kila mmoja na simu yake, wakihesabu siku za kurudi mjini. Basi baba hukasirika, mama huona haya mbele ya mkwewe, na bibi aliyechinja kuku wake huuliza moyoni amewakosea nini wajukuu zake. Fedha imetumika, wala hapana aliyepumzika.

Nimependa kuzungumza nanyi juu ya neno hili kwa sababu si dogo kama lionekanavyo. Chukueni kalamu mhesabu. Likizo kubwa za shule katika Tanzania ni mbili kwa mwaka, ya Juni na ya Desemba. Binti mwenye miaka 14 leo, ikiwa ataondoka nyumbani akiwa na miaka 18, amebakiwa na likizo 8 tu. Toeni ile ya mtihani, na ile ya masomo ya ziada, na ile ambayo mtu wa nyumbani atakuwa mgonjwa. Labda zitabaki 4 au 5. Hizo ndizo siku mlizo nazo za kukaa naye mchana na usiku na kuyasikia maneno yake, kabla hajawa mgeni anayebisha hodi mlangoni.

Mwinjili Luka atusimulia habari ya safari moja ya jamaa. Yosefu na Maria walikuwa na desturi ya kwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka, na Bwana wetu alipokuwa na miaka 12 walikwenda naye. Sote twakumbuka yaliyotokea wakati wa kurudi. Walisafiri mwendo wa siku moja wakidhani yumo katika msafara, kumbe amebaki hekaluni. Wakamwona baada ya siku tatu, ameketi kati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Napenda kuwaonyesha mambo mawili humo. La kwanza, kijana wa umri ule ana maswali yake, na moyo wake waweza kuwa mahali pengine hali wazazi wadhani ya kuwa wanaye njiani. Yafaa kumwuliza kabla ya kufunga mizigo. La pili, baada ya hayo alirudi nao Nazareti akawatii. Basi kumsikiliza kijana si kumwachia utawala wa nyumba.

Nitawapa mfano wa nyumba moja ya Morogoro, ambayo wenyewe wameniruhusu kuisimulia bila kuwataja majina. Baba ni seremala, mama ana meza ya mboga sokoni. Watoto ni watatu: mvulana wa miaka 16, binti wa miaka 14, na mdogo wao wa miaka 9. Bibi yao, mama mzaa baba, akaa juu katika milima ya Uluguru, na kila Juni walikwenda kwake. Mwaka ule mvulana alitaka Unguja, kwa kuwa wenzake walikwisha kuiona. Binti alitaka Mikumi, akawaone tembo. Baba alitaka kwenda kwa mama yake, na sababu yake ilikuwa njema, maana amri ya kuwaheshimu wazazi haina likizo.

Baba yule hakukata shauri usiku ule. Baada ya sala ya jioni aliweka daftari mezani akasema, “Fedha tuliyoiweka tangu Novemba ni shilingi 500,000. Haitaongezeka, wala sitakopa. Ninyi wakubwa wawili, pigeni hesabu ya kila mahali mnapopataka, mniletee Jumapili.” Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Na kumbe daftari lina kazi nyingine: ni mwalimu asiyegombana na mtu.

Watoto wale walikwenda stendi ya Msamvu kuuliza nauli, wakauliza na bei za vyumba kwa simu. Wakaona ya kuwa kwenda Unguja ni safari mbili katika moja: kwanza nchi kavu hata Dar es Salaam, kisha boti. Watu 5, kwenda na kurudi, kwa vyombo viwili, ni nauli 20 kabla mtu hajala kitu. Tena waliambiwa ya kuwa Juni ni majira ya kusi. Upepo wavuma kutoka kusini, na bahari ya kwenda Unguja huwa na mawimbi yanayowatapisha wasioizoea. Mikumi ni karibu, na mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa ng'ambo. Walakini wageni huizunguka hifadhi kwa gari, na kukodi gari la kutwa kungekula fedha nyingi kwa siku moja tu.

Jumapili ilipofika, mvulana mwenyewe alisema, “Baba, Unguja haiwezekani mwaka huu.” Angalieni hapo: neno hilo hilo lingetoka kinywani mwa baba, lingekuwa ugomvi. Akaendelea kusema ya kuwa iko pwani nyingine, Bagamoyo, ambayo yafikiwa kwa njia ya Chalinze na Msata, karibu kilomita 200, bila kuingia Dar es Salaam. Ndipo binti aliponena neno ambalo hapana aliyelitazamia. “Sisi twaenda kwa Bibi kila mwaka. Mbona Bibi haendi popote? Nauli za boti tulizoziacha zatosha kumchukua.” Baba alinyamaza kitambo. Mama yake alikuwa na miaka 78, na alikuwa hajaiona bahari.

Basi walikwenda watu 6, wakakaa Bagamoyo siku 3. Mji ule si wa kuoga baharini tu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika huko mwaka 1868, wakakomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Kutoka huko walikwenda bara, wakaanzisha misheni ya Mhonda mwaka 1877, na baadaye misheni za Morogoro na Uluguru. Kwa njia hiyo Injili iliufikia mlima wa bibi yule. Katika misheni upo mnara ambamo maiti ya David Livingstone ililala mwezi wa Februari 1874. Livingstone alikufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watu wake, Chuma na Susi na wenzao, waliibeba maiti kwa miguu miezi mingi hata pwani. Mvulana aliyenung'unika juu ya kukaa ndani ya gari kutwa aliisoma habari hiyo katika makumbusho ya misheni, akarudi akaisoma tena. Siku ya pili walikwenda Kaole, mwendo wa kilomita 5 hivi kusini ya mji, wakaona magofu na makaburi ya mawe ya watu waliokaa pwani hii karne nyingi kabla ya misheni.

Asubuhi ya kwanza walipompeleka bibi pwani, maji yalikuwa yamekupwa, na pwani ile ni tambarare, bahari huenda mbali. Bibi akauliza, “Hii ndiyo bahari? Mbona ni matope?” Wajukuu wakamweleza ya kuwa maji hujaa na kupwa, kila moja kwa muda wa saa sita hivi. Mchana akayaona yamerudi. Akachovya kidole, akaonja, akatema, akasema, “Kumbe kweli ni chumvi. Nilidhani mapadre walitutania.” Usiku ule aliwasimulia habari za babu yake, aliyebeba mizigo ya misafara kuja pwani ile ile, kabla reli haijafika Morogoro mwaka 1907. Watoto wale walikuwa wakienda kwake kila mwaka, wala hawakupata kuisikia habari hiyo. Sababu ni nini? Kwake bibi ni mwenyeji: atafuta kuni, apika, atandika vitanda, alala amechoka. Huko Bagamoyo hakuwa na jiko la kuangalia, na wajukuu hawakuwa na mahali pa kumkimbia.

Sisemi ya kuwa safari yote ilikuwa asali. Mdogo wao alitapika njiani, chumba kimoja kilikuwa na mbu, na siku ya pili kaka na dada waligombana kwa ajili ya simu hata baba akaichukua mpaka jioni. Hayo ni ya kila nyumba. Lakini Desemba ilipofika wakapanda mlimani kwa bibi kama zamani, na mvulana ndiye aliyeuliza siku ya kuondoka.

Sasa yafaa tutoe mashauri machache.

Kwanza, waiteni watoto mapema, miezi miwili kabla ya safari, mkawaambie kiasi cha fedha kwa kweli. Tengeni kwanza mahitaji ya shule ya Julai; kinachobaki ndicho cha safari. Mtoto asiyejua kikomo cha fedha hudhani baba ni mchoyo. Akikijua, atasaidia kutafuta njia.

Pili, chagueni mahali kwa kutazama majira. Mwezi wa Juni masika imekwisha na njia ni kavu, lakini milima ya Usambara na Uluguru ina baridi, hapana budi kuchukua nguo nzito. Desemba pwani ni joto, na magari ya kwenda Kilimanjaro hujaa mno karibu na Noeli. Anayekata tiketi siku ya mwisho hulala stendi.

Tatu, tafuteni mahali penye neno la kuona, maana kijana huchoka upesi kwa kukaa bure. Wakaao Tanga wana mapango ya Amboni, tena Amani, juu ya Muheza, ambapo Wajerumani walianzisha kituo cha uchunguzi wa mimea mwaka 1902. Wakaao Mwanza wana Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Kila nchi ina chake, ila wenyeji ndio wasiokwenda kukitazama.

Nne, mama naye apumzike. Mkienda mahali ambapo yeye atapika na kufua kutwa, mmehamisha jiko tu. Kila kijana apewe kazi yake, wavulana na wasichana sawa. Katika nyumba ile mvulana aliandika matumizi kila usiku, na binti aliulizia saa za Misa, wasije wakakosa Jumapili.

Tano, patana nao juu ya simu kabla ya kuondoka, wala si njiani. Sita, jihadharini na bahari. Watoto wengi wa bara hawajui kuogelea. Mtu asiingie peke yake, wala asipite maji ya kiuno, hata akijiona mkubwa. Vijana hupenda kuonyesha ushujaa mbele ya wenzao, na maji hayajui mchezo.

Na asiye na fedha ya safari afanye nini? Safari ya kutwa nayo ni safari. Waacheni vijana wachague kilima au mto au parokia ya jirani ambayo hawajaifika, mfunge chakula, mwende kwa miguu. Mtembezi hula miguu yake. Kijana aliyeombwa shauri katika safari ya saa tatu atakumbuka ya kuwa aliombwa.

Kwenu waalimu nina neno moja. Shule zikifunguliwa Julai, wengi wenu huwapa watoto kuandika insha juu ya jinsi walivyoitumia likizo. Kumbukeni ya kuwa katika darasa wako waliokaa nyumbani wakiuza maandazi na kulea wadogo zao. Msiwafanye wasome mbele ya wenzao na kuchekwa. Afadhali waulizeni wote, “Ni habari gani mliyoisikia kwa mzee wenu ambayo hamkuijua?” Hapo aliyekwenda mbali na aliyekaa nyumbani watakuwa sawa.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya simu mezani wakati wa chakula, kwa maana barua nyingi zimefika juu ya jambo hilo. Mungu awalinde njiani ninyi na watoto wenu, awarudishe salama.

Mimi katekista wenu.