Pishi na Mzigo

Swali la mwezi huu ni hili: je, haki ipo daima, au ni mapatano ya watu tu, nao wakiyageuza hugeuka pia? Wengi hujibu upesi kwamba kila nchi na desturi yake. Na tulipime jibu hilo kwa shauri lililotokea Muleba, katika nchi ya Wahaya.

Mwaka 1988 mwanamke mmoja aliuza kwa shilingi 300,000 shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Jamaa yake wa kiume akamshitaki, akisema kwamba mwanamke aweza kulitumia shamba la ukoo, lakini kuliuza hawezi. Desturi hiyo ilikwisha kuandikwa kuwa sheria mwaka 1963. Mahakama ya Mwanzo ikayatangua mauzo. Ya Wilaya ikampa mwanamke ushindi. Shauri likapanda hata Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba wanawake na wanaume wana haki sawa ya kurithi na kuuza, kwa kuwa haki za binadamu zilitiwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984.

Mtu atasema, "Katiba nayo ni mapatano." Ni kweli. Lakini ikiwa haki ni mapatano matupu, basi kabla ya 1984 wanawake wa ukoo hawakuwa na neno la kulalamikia. Nani awezaye kuwaambia hivyo usoni? Binti watano wa Selofehadi, katika Hesabu sura ya 27, walidai urithi wa baba yao mbele ya Musa kabla ya kuwako amri ya kuwapa. Dai lilitangulia, amri ikafuata.

Wala hatuyadharau mapatano. Desturi ya ukoo ilitaka ardhi isiwapotee watoto, nalo ni jambo jema. Pishi na ratli pia zilikuwa mapatano ya watu, wala soko halikwenda bila hizo; lakini mzigo una uzito wake kabla haujapimwa. Kipimo kikiwa kibovu, hutengenezwa kipimo, si mzigo.

Basi, wazazi, mkikaa kugawa urithi, ulizaneni kwanza: ni nani tunayemwamulia, naye hakuitwa barazani? Mwiteni, mkamsikilize, ndipo mgawe.