Ibara ya 13 Tunaikariri, Darasani Tunaikanyaga

Sisi wanafunzi wa sheria Ibara ya 13 ya Katiba tunaijua kama namba zetu za simu. Watu wote ni sawa mbele ya sheria. Ukiulizwa kwenye testi unaimwaga, unachukua alama zako, unasepa. Ukitoka tu nje ya chumba cha mtihani unaikuta Ibara hiyo hiyo imelala chini, imekanyagwa. Na waliokanyaga ni walimu wetu, pamoja na sisi wenyewe.

Nina rafiki, jina namhifadhia. Ana ualbino, na kama ilivyo kwa wengi wenye ualbino, maandishi madogo kwake ni mateso. Muhula uliopita aliandika barua mapema, akaomba mtihani wake uchapishwe kwa herufi kubwa. Jamani, hiyo ni kazi ya dakika mbili kwenye kompyuta! Siku ya mtihani akapewa karatasi ile ile ya kila mtu. Aliponyoosha mkono, msimamizi akamjibu: "Wewe siyo wa kwanza kusoma hapa." Akaandika karatasi ikiwa imegusa pua. Muda uliisha akiwa kwenye swali la tatu kati ya matano. Akapata sapu, akashauriwa aongeze bidii.

Wiki tatu baadaye idara ikaandaa semina ya jinsia na ujumuishi. Bango kubwa, maji ya chupa, picha ya pamoja. Ukumbi uko ghorofa ya tatu na jengo halina lifti. Mwenzetu anayetumia kiti mwendo alibaki chini anasikiliza makofi. Mkalimani wa lugha ya alama hakuwepo. Mtoa mada alisoma slaidi masaa mawili, tukasaini mahudhurio, tukala, tukatawanyika. Sasa hivi kuna ripoti mahali inasema idara yetu imejengewa uwezo.

Uwezo gani?

Hebu tuongee sheria, maana ndiyo kazi tuliyokuja kujifunza. Ibara ya 13(5) inapoeleza maana ya kubagua inataja utaifa, kabila, pahala mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Ulemavu haujatajwa kwa jina. Pengo hilo lilipaswa kuwa mjadala wa wiki nzima darasani. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Ibara yake ya 24 inadai elimu jumuishi hadi ngazi ya chuo. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mimi tangu nianze chuo sijaulizwa hata swali moja la mtihani juu ya sheria hiyo. Tunafundishwa mikataba ya kuuza na kununua mpaka inatutoka puani, ila sheria inayomhusu mwenzetu wa dawati la mbele tunaisikia kwenye semina yenye posho.

Tunasoma pia kesi ya Holaria Pastory ya mwaka 1990. Mama aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, akaambiwa mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke. Jaji Mwalusanya akasema hapana, mila hiyo inagongana na usawa uliomo kwenye Katiba. Tunaikariri kesi, tunasahau somo lake: kauli ya "ndivyo tulivyozoea" siyo hoja ya kisheria. Ilikataliwa kwa ukoo, kwa nini ikubalike idarani?

Najua majibu yatakayokuja. Eti haya ni mambo ya wazungu. Kwani ualbino umeletwa na wafadhili? Eti tunataka kushusha kiwango. Kiwango cha mtihani wa sheria ni kuijua sheria. Kupima macho ni kazi ya hospitali.

Kumbuka idara hii ndiyo inayozalisha mahakimu na mawakili wa Serikali. Anayefundishwa leo kwamba mwenzake ni usumbufu, kesho atamwona shahidi kiziwi kama usumbufu. Na sisi wa upinzani, ambao "maoni ya kisiasa" yetu yanatugharimu kila siku, hatuna ruhusa ya kunyamaza mwingine anapobaguliwa.

Tunachodai ni hiki:

1. Sheria ya haki za watu wenye ulemavu na sheria za kupinga ubaguzi ziwe somo lenye alama na mtihani. Semina haitoshi.
2. Walimu na wasimamizi wa mitihani wafundishwe kila mwaka, na wanaowafundisha wawe watu wenye ulemavu wenyewe.
3. Barua ya kuomba nafuu ijibiwe kwa maandishi kabla ya mtihani. Ikipuuzwa, mtihani huo usihesabike.
4. Darasa lenye mwanafunzi wa kiti mwendo lihamie chini. Hilo halihitaji hata bajeti.

Na tusijifiche nyuma ya idara. Makamanda, mkutano wetu wa mwisho wa tawi mkalimani alikuwepo? Na aliyeandika muhtasari na kugawa chai alikuwa nani, kama siyo sisi wadada? Tunadai Katiba Mpya wakati hii ya 1977 hatuiishi hata kwenye vikao vyetu. Tuanze na hapo.

Rafiki yangu anafanya sapu mwezi ujao. Akianguka tena anaweza kudisko, na bumu ndiyo basi. Ameandika barua nyingine. Safari hii haipeleki peke yake. Jumatatu saa nne asubuhi tunakwenda naye ofisini kwa mkuu wa idara, na tutasubiri hapo mpaka igongwe muhuri wa kupokelewa. Uliye chuoni, njoo. Na ukija, usisahau Katiba yako.