Mmachinga Hufuata Miguu ya Wateja

Saa kumi na moja jioni, kando ya kituo cha daladala jijini Dar es Salaam, mama mmoja anatandika turubai na kumwaga nguo za watoto za mitumba. Pembe nne za turubai amezifunga kamba. Ikisikika sauti ya "Mgambo!", anavuta kamba mara moja, mali inakuwa furushi mgongoni, naye anatokomea uchochoroni.

Kamba ile inaonyesha sera zetu zilipokwama. Pale Ilala lilijengwa jengo la Machinga Complex kwa fedha za mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, lakini kwa miaka mingi vizimba vyake vingi vilikaa vitupu. Mteja anayewahi nyumbani hapandi ghorofani kutafuta soksi. Hununua anaposhukia gari. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya Sh20,000 kwa wamachinga wenye mauzo yasiyozidi Sh4 milioni kwa mwaka. Vilileta ahueni, maana ushuru wa kila siku ulikoma na mgambo wakapunguza bughudha. Hata hivyo, havikumtajia mtu eneo lake, na vibanda vikatapakaa hadi juu ya mitaro. Mwishoni mwa 2021 vikabomolewa.

Kwa hiyo tumewahi kutoa mahali pasipo na wateja, kisha ruhusa isiyo na mahali. Mmachinga anahitaji vyote viwili kwa pamoja.

Malalamiko ya upande wa pili ni ya haki. Mwenye duka hulipa pango, leseni na kodi, kisha anazibiwa mlango na mtu anayeuza bidhaa ileile. Mama mjamzito naye anashuka barabarani kupishana na bodaboda kwa sababu njia ya waenda kwa miguu imejaa meza.

Dawa ni halmashauri kuchora mistari kwenye vituo na mitaa yenye watu, wamachinga wenyewe wakishiriki: meza ngapi, saa ngapi, njia ya kupita ibaki pana kiasi gani. Kila meza iwe na namba na ada ndogo, na ada hiyo ionekane palepale kwa choo, taa na kuzoa taka. Mikopo ambayo halmashauri hutoa kutokana na asilimia 10 ya mapato yake nayo ina maana kwa mtu mwenye eneo la kudumu. Mama yule atarejeshaje mkopo wakati mtaji wake unaweza kuchukuliwa jioni moja?

Siku atakayopewa namba ya meza, atazifungua zile kamba mwenyewe.