Ghostbusters Remastered: Wanaoponda Wamekosea Pa Kupiga

Kuna mastaa wa kurusha gemu laivu, kazi yao kuponda tu: eti Ghostbusters ya 2009, iliyong'arishwa upya 2019, imezeeka. Nyuso ngumu kama sanamu? Sawa, hapo hawajadanganya. Lakini kunasa mzimu kwa ule mwale, unamvuta anagoma, unambamiza ukutani mpaka aingie mtegoni, jamani, raha bado ile ile! Halafu sauti ni za waigizaji wenyewe wa filamu ya 1984, akiwemo Harold Ramis aliyefariki 2014. Hiyo nani atairudia?

Cha kupondwa kipo. Kucheza na washkaji mtandaoni kulikuwepo 2009, toleo jipya likatoka bila hiyo, na mtu bado analipishwa. Hapo mbona kimya?