Shule ya Watoto Wadogo Hupimwa kwa Nini?

Wazazi wengi huisifu shule ya chekechea kwa kuwa mtoto wa miaka minne hutoka huko akitamka herufi zote pasipo kukwama, tena kwa Kiingereza. Wengine huisifu kwa rangi ya ukuta na sare iliyonyoshwa. Sisi tufundishao twakataa vipimo hivyo. Kasuku naye hutamka.

Tazameni yaliyotendeka Marekani, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan. Tangu mwaka 1962 hata 1967 watoto 123 wa jamaa maskini za watu weusi waligawanywa mafungu mawili: 58 wakatiwa katika shule ya awali iliyoitwa Perry, 65 wasitiwe. Kila mwalimu alikuwa na watoto sita hivi. Mtoto alipanga mchezo wake mwenyewe, akautenda, kisha akaeleza alivyofanya. Na kila juma mwalimu alimwendea mama nyumbani. Walipopimwa akili, wale 58 waliwapita wenzao. Lakini walipofika umri wa miaka minane hivi, tofauti ilikuwa karibu kutoweka. Wapimaji wangalifunga vitabu siku ile, wangaliandika ya kuwa kazi ilikuwa bure. Hawakufunga. Waliwafuata hata umri wa miaka 40, wakaona ya kuwa waliosoma Perry walipata mshahara mkubwa kuliko wenzao, na walikamatwa na polisi mara chache zaidi.

Bassi, kumwimbisha mtoto herufi mbele ya wageni kutatuonyesha nini? Atakaye kupima na aingie darasani, aketi pembeni asubuhi nzima. Je, mtoto akiuliza hujibiwa, au hunyamazishwa kwa fimbo? Ana kitu cha kushika mkononi? Choo chafaa kwa miguu mifupi? (Wakaguzi wengi hawafiki chooni.) Tena ahesabu vichwa: kanuni ya Tanzania ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, nasi twajua madarasa yapitayo mia.

Watatujibu ya kuwa fedha hakuna. Ni kweli, watoto sita kwa mwalimu hatutawapata. Lakini magunzi, vifuu na udongo haviuzwi, wala kumjibu mtoto hakuna bei.

Katika mkutano ujao wa shule, kabla ya habari za sare, ulizeni hili: kwa nini mwalimu asiyefundishwa kazi hiyo ndiye apewaye darasa lililojaa kuliko yote?