Wezi wamebeba vitenge, deni wameniachia

Kwako Mheshimiwa Mkuu, uliyekabidhiwa usalama wa masoko ya Bujumbura,

Nakuandikia hadharani kwa kuwa mlango wa ofisi nilishaugonga, nikajibiwa kwamba faili langu linafuatiliwa. Limekimbilia wapi hadi lifuatiliwe, sikuambiwa.

Habari ya kuvunjwa usiku kwa duka langu karibu na soko la Ruvumera unayo mezani. Naongeza tu yale ambayo askari hakuyaandika. Waliokuja usiku ule si vibaka. Walikuja na gari, mashine ya kukatia chuma, na mtu anayevijua vitenge. Vya bei rahisi waliviacha, wakapakia marobota yaliyokuwa yamefika kutoka Dar es Salaam, ambayo hata majirani hawakuwa wameyaona. Wezi wakiwa bado wanapakia, jirani alipiga simu kituoni. Akajibiwa kuwa gari ya askari haina mafuta.

Mheshimiwa, shida ya mafuta mji mzima tunaijua, foleni tumelala nazo. Lakini wezi walikuwa na mafuta. Kama kuna pampu inayowauzia wao peke yao, tuonyesheni, nasi wafanyabiashara tutachanga tuwanunulie askari wetu.

Turudi kwenye deni, maana ndilo pekee ambalo wezi hawakulitaka. Mzigo ule niliununua kwa mkopo wa benki, na dola za kuulipia nikazitafuta barabarani kwa bei ya barabarani. Vitenge vimekwenda, deni lipo. Kiwanja alichotuachia marehemu baba ndicho rehani, na deni lipo. Mwisho wa mwezi benki hainiulizi habari za wezi, inauliza deni. Mtoza ushuru wa soko naye hajawahi kukosa mafuta: huja kwa miguu, na hufika.

Kijana niliyemwajiri nimemrudisha kwao. Majirani wanapandisha bei ili walipe walinzi wao wenyewe. Wapita njia wanapigwa kwa kushukiwa wizi tu.

Baadaye vitenge vyangu vilionekana katika soko jingine, vikiuzwa chini ya bei ya soko la Kariakoo, Dar es Salaam. Nilipeleka kituoni ankara na karatasi za forodha ya Kobero. Zilipokelewa kwa mikono miwili. Aliyekuwa akiviuza anaendelea kuuza, nami naendelea kulipa deni la bidhaa anazouza yeye.

Wala hili si la duka moja. Tarehe 27 Januari 2013, soko kuu lilipokuwa linateketea, kuna waliozima moto na kuna waliobeba mali. Wengi wa wenye mali hawakuwa na bima, na mikopo ya benki haikuungua. Tangu hapo, katika mji huu, mfanyabiashara hulindwa siku ya kulipa tu.

Tunaomba mambo matatu. Wanunuzi wa mali ya wizi wakamatwe, si vijana wabebaji peke yao, kwani bila mnunuzi hakuna anayekodi gari usiku. Kila anayeshtaki apewe nakala ya mashtaka yake yenye namba, bila kulipia. Na kila soko liwe na askari wa usiku anayejulikana kwa jina, ili mali ikiibwa tujue wa kumuuliza.

Tukishindwa kupata hayo, basi tangazeni rasmi kwamba ushuru tunaolipa si wa ulinzi, kila mtu ajipange.

Wako katika utii,
Mfanyabiashara wa vitenge, Buyenzi